Kima cha chini cha mshahara: tunabishania namba, maskini anaumia kwenye saa na makato

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari zenu.

Kila mjadala wa kima cha chini cha mshahara unapoibuka, safu hupangwa zilezile. Wapo wanaosema pandisha, haiwezekani mtu ashinde kazini tangu alfajiri halafu alale njaa. Wapo wanaosema ukipandisha waajiri watapunguza watu, na wa kwanza kutolewa atakuwa yuleyule maskini uliyedai kumtetea. Mimi nimewahi kulipwa kima cha chini nikiwa msafishaji, na sasa ndiye ninayeandaa malipo ya mwisho wa mwezi kwenye kampuni ya watu. Ninachokiona ni kwamba tunagombana mno juu ya namba iliyoandikwa kwenye sheria, huku mambo yanayoamua kama namba hiyo itamfikia maskini tumeyaacha pembeni: saa anazopewa, makato anayokatwa, kama sheria inamtambua kuwa mfanyakazi, na kama kuna mtu yeyote anayekuja kukagua.

Nianze na nilichokishuhudia. Kima kilipopanda safari iliyopita, bosi hakusema tufukuze mtu. Aliagiza muda wa wasafishaji ushushwe kutoka saa nane za kazi kwa siku hadi saa sita. Jengo lilelile, ghorofa zilezile, vyoo vilevile. Kazi ya saa nane ikawa inafanywa mbiombio ndani ya saa sita, na asiyemaliza anabaki mpaka amalize, bila kuandikiwa. Mwisho wa mwezi niliweka slipu mbili za mshahara pamoja, ya kabla na ya baada. Kiwango cha saa kimepanda vizuri tu. Jumla ya mwisho, ile mtu anayokwenda nayo nyumbani, imebaki karibu palepale. Mtakwimu angepita siku ile angeandika kwamba hakuna ajira hata moja iliyopotea, na kwa hesabu yake angekuwa sahihi. Lakini mama wa ghorofa ya tatu alikuwa anachoka zaidi kwa pesa ileile.

Ndiyo maana hata tafiti kubwa za jambo hili nazisoma kwa kutafuta neno "saa" kwanza. Ule utafiti uliotikisa wachumi ni wa David Card na Alan Krueger. Mwezi Aprili 1992 jimbo la New Jersey kule Marekani lilipandisha kima kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, na jirani yake Pennsylvania akabaki palepale. Wakachunguza migahawa 410 ya vyakula vya haraka pande zote mbili, kabla na baada. Vitabu vya uchumi vilikuwa vinafundisha kwamba New Jersey lazima ipoteze ajira. Hawakuona hivyo. Matokeo yalipotoka mwaka 1994 yalipingwa vikali. David Neumark na William Wascher walichukua kumbukumbu za malipo za baadhi ya migahawa wakapata jibu tofauti, Card na Krueger wakarudi mwaka 2000 na takwimu za serikali wakasema athari ni ndogo mno au haipo. Card alipewa tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2021. Krueger alikuwa ameshafariki mwaka 2019.

Kwa nini ajira zisipotee? Maelezo yapo tangu 1933, Joan Robinson alipoandika kuhusu soko lenye mnunuzi mmoja mwenye nguvu. Kama kwenye eneo lako waajiri ni wawili watatu, na huna nauli ya kwenda mbali wala akiba ya kukaa mwezi mmoja bila kazi, mwajiri hakulipi thamani ya kazi yako. Anakulipa kile kidogo kitakachokufanya usiondoke. Kuna pengo hapo katikati, na sheria ikisukuma mshahara ndani ya pengo hilo, mwajiri bado anapata faida na bado anakuhitaji. Ikisukuma kupita pengo, hapo ndipo watu wanaanza kutolewa. Kwa hiyo anayesema "kima cha chini kinaua ajira" na anayesema "hakiui kamwe" wote wanajibu kabla hawajaulizwa ni kiasi gani, wapi, na kwa mwajiri wa aina gani.

Lakini hata namba ikiwa sahihi, kuna hatua ya pili. Hapa naomba mnivumilie nisimulie kisa kimoja cha zamani, maana kina kila kitu ndani yake.

Uingereza ilitunga sheria mwaka 1909 ya kuweka bodi za mishahara kwenye kazi nne zilizokuwa zinanyonya watu kupita kiasi. Mojawapo ilikuwa utengenezaji wa minyororo. Pale Cradley Heath, mji mdogo wa Uingereza, wanawake walikuwa wanafua minyororo kwa nyundo kwenye vibanda vya nyuma ya nyumba zao, wengine watoto wakiwa pembeni ya moto. Bodi ikapanga peni mbili na nusu kwa saa, ambayo kwa wengi wao ilikuwa karibu mara mbili ya walichokuwa wanapata. Waajiri wakafanya nini? Walichukua kipengele ndani ya sheria kilichoruhusu mfanyakazi kukubali kwa maandishi kuendelea na malipo ya zamani kwa miezi sita. Wakawapelekea wanawake karatasi wasaini. Wengi hawakujua kusoma. Wakaweka alama, na kwa alama hiyo haki waliyokuwa wameipata ikasogezwa mbele nusu mwaka, waajiri wakiutumia muda huo kujaza maghala.

Mwaka 1910 mamia ya wanawake hao, wakiongozwa na Mary Macarthur, waligoma kwa wiki kumi hivi mpaka waajiri wote wakasaini kulipa kiwango kipya. Sheria ilikuwepo tangu mwaka uliotangulia. Pesa ililetwa na mgomo.

Hali ya leo haiko mbali na hapo. Shirika la Kazi Duniani, kwenye ripoti yake ya mishahara ya 2020–21, lilikadiria kwamba wafanyakazi milioni 266 duniani wanalipwa chini ya kima cha chini kilichopo kwenye nchi zao. Baadhi yao ni wale ambao sheria imewasahau. Wengine inawahusu kabisa na bado hawalipwi. Tunapokesha tukibishana kama kima kipande kwa asilimia kumi au ishirini, hao milioni 266 hata cha zamani hawajakiona.

Nawasilisha.

#2

Mleta uzi, umeandika kwa uchungu na nakuheshimu kwa hilo. Ila mimi ni mwajiri mdogo, nina watu sita, na naomba niongee upande ambao humu ndani hauongelewi bila kutukanwa.

Kampuni kubwa ikipandishiwa kima inaongeza bei kidogo, inanunua mashine, maisha yanaendelea. Mimi sina pengo unalolisema. Mwisho wa mwezi nikishalipa kodi ya pango, umeme, mzigo na watu, ninachobaki nacho ni karibu sawa na anachopata fundi wangu mzoefu. Ukiniongezea gharama ghafla, sina pa kuitoa zaidi ya kwa mtu wa saba niliyekuwa nataka kumwajiri. Huyo hatoonekana kwenye utafiti wowote, kwa sababu hakuwahi kuandikwa kazini.

Na historia ipo. Marekani ilipoweka kima cha senti 25 kwa saa mwaka 1938, kiwango hicho kilipelekwa hadi Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, ambako wafanyakazi wengi walikuwa wanalipwa chini sana ya hapo. Kazi za ushonaji na udarizi zikayumba vibaya, na mwaka 1940 Bunge likalazimika kurekebisha sheria ili kisiwa kile kiwekewe viwango vyake. Namba moja kwa mahali pasipolingana ni hatari. Hili nalo mliseme.

#3 – Mleta uzi

Mkuu #2, umeliweka jambo kiungwana na Puerto Rico ni mfano halali kabisa. Ndiyo maana nimesema kiasi gani na wapi. Wanaolifanyia kazi suala hili kwa makini hawaangalii namba peke yake. Wanalinganisha kima na mshahara wa mtu wa katikati, yule ambaye nusu ya wafanyakazi wanapata zaidi yake na nusu chini yake. Umoja wa Ulaya kwenye mwongozo wake wa 2022 umetaja asilimia 60 ya mshahara huo kama kipimo cha kuangalia. Senti 25 kule Marekani bara zilikuwa sakafu. Puerto Rico zilikuwa dari.

Kuhusu nani analipa, kuna jibu zuri kutoka Hungaria. Mwaka 2000 kima chao kilikuwa forinti 25,500 kwa mwezi. Mwaka 2001 kikawa 40,000, na 2002 kikawa 50,000. Ni karibu mara mbili ndani ya miaka miwili, jambo ambalo hata mimi ningeliogopa. Péter Harasztosi na Attila Lindner walifuatilia makampuni na kuchapisha mwaka 2019: kama robo tatu ya gharama ililipwa na wateja kwa njia ya bei, na robo iliyobaki ikatoka kwenye faida ya wenye makampuni. Ajira zilizopotea zilikuwa chache, ila ziliumiza zaidi kwenye viwanda vinavyouza nje, kwa sababu hao hawawezi kupandisha bei wakati mshindani wao yuko nchi nyingine.

Kwako wewe hii ina maana kubwa. Kama washindani wako wote wanatii kima kipya, wote mnapandisha bei kidogo pamoja na mteja hana pa kukimbilia. Kinachokuua ni jirani yako asiyetii. Anaweka watu wake chini ya kima, bei yake inabaki palepale, na wewe mwaminifu unaonekana mwizi. Mwajiri mdogo anayefuata sheria ana sababu ya kudai ukaguzi kuliko hata mfanyakazi.

#4

Mimi ni mlinzi, nimeajiriwa kupitia wakala. Nitaongea kifupi.

Mkataba wangu ukiusoma, nalipwa kima cha chini bila kasoro. Sasa hesabu na mimi. Sare nakatwa mimi, buti nakatwa mimi. Zamu inaanza saa kumi na mbili jioni lakini natakiwa kuwa getini nusu saa kabla, kwa ajili ya kukabidhiana: kuhesabu funguo, kusoma kitabu cha matukio, kuzunguka na mwenzangu kuangalia kufuli moja moja. Asubuhi nusu saa nyingine kwa yule anayenipokea. Hiyo saa moja kila siku hakuna inapoandikwa. Mwenzangu akichelewa, nasimama mpaka afike. Nimewahi kumuuliza msimamizi, akaniambia makabidhiano si kazi, ni utaratibu.

Kima kikipanda kesho nitashukuru. Lakini saa moja ya bure kila siku, siku sita kwa wiki, ni karibu siku nzima ya kazi kila wiki mbili ambayo hakuna sheria ya kima iliyoigusa.

#5 – Mleta uzi

#4 ndugu yangu, ulichoandika ndicho hasa nilichokuwa naking'ang'ania. Na jua kwamba hauko peke yako: Uingereza serikali huwa inachapisha hadharani majina ya waajiri walioshindwa kulipa kima, na sababu zinazojirudia ni hizohizo zako. Makato ya sare. Muda wa kazi usiolipwa. Wahudumu wanaozunguka kutunza wazee majumbani hawalipwi muda wa safari kati ya nyumba moja na nyingine. Ukigawa pesa yote waliyopata kwa saa zote walizotumika, wanaanguka chini ya kima, ingawa kwenye mkataba kila kitu kiko sawa.

Tunza kumbukumbu zako. Daftari dogo: tarehe, saa uliyofika getini, saa uliyoondoka. Kila siku bila kuruka. Mimi ninayeandaa malipo nakuambia, mzozo ukifika mezani mwenye maandishi ndiye anayesikilizwa.

#6

Naomba nichangie kama mtu wa takwimu, msinirushie mawe.

Mleta uzi kagusa saa, lakini hakutaja mji ambao saa zilipimwa. Seattle, kule Marekani, ilipandisha kima hadi dola 13 kwa saa kwa waajiri wakubwa mwaka 2016. Timu ya Chuo Kikuu cha Washington ikatoa ripoti 2017: kwenye kazi za malipo ya chini, kiwango cha saa kilipanda kama asilimia 3 huku saa za kazi zikishuka kama asilimia 9. Kwa wastani mtu alikuwa anapoteza. Timu ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilichunguza migahawa ya mji huohuo haikuona ajira kupungua. Baadaye watu wa Washington walirudi wakatenganisha makundi, wakakuta waliokuwa tayari kazini na wenye uzoefu walinufaika, na mlango ulikuwa umembana mgeni, yule ambaye hajawahi kufanya kazi.

Pia Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria mwaka 2021 kwamba kufikisha kima cha taifa dola 15 kungetoa watu kama laki tisa kwenye umaskini na wakati huohuo kupunguza ajira kama milioni 1.4. Hizo zote ni za watu maskini, waliotoka na waliobaki. Mnapofanya uamuzi mnawachagua wengine dhidi ya wengine, na anayeachwa nje ni kijana asiye na cheti wala mtu wa kumpigia simu.

#7 – Mleta uzi

Mkuu #6, hakuna wa kukurushia jiwe, umeleta kitu kizito. Huyo mgeni wa Seattle ananiumiza kichwa kuliko mwingine yeyote kwenye huu mjadala, na sitasema hayupo ili hoja yangu ing'ae.

Ila tazama Ujerumani pia. Hawakuwa na kima cha kitaifa mpaka tarehe 1 Januari 2015, walipoanza na yuro 8.50 kwa saa. Kabla ya hapo wachumi wakubwa walitabiri ajira kwa mamia ya maelfu zitateketea. Hazikuteketea. Waliofuatilia, akina Christian Dustmann, walikuta kitu ambacho hakikutarajiwa sana: wafanyakazi wa chini walihama kutoka makampuni madogo yenye tija ndogo kwenda makubwa yanayolipa vizuri. Kazi mbovu zilipungua na watu wake wakapata kazi bora. Sasa hilo linawezekana pale ambapo hizo kampuni bora zipo na zina nafasi, na mtu anaweza kuzifikia. Mahali pasipo na pa kuhamia, ni habari nyingine kabisa, na anayenukuu Ujerumani bila kusema hilo anapotosha.

Kuhusu 1.4 milioni: ni makadirio ya katikati ya upana mkubwa, ofisi yenyewe iliandika hivyo. Na kubaki palepale nako ni uamuzi wenye watu wanaoumia. Kima cha taifa cha Marekani kimekaa dola 7.25 tangu Julai 2009. Wanaoishi kwa bakshishi wamewekewa dola 2.13 kwa saa tangu 1991. Hakuna aliyepiga kura kuwapunguzia mshahara. Bei zilipanda tu mwaka hadi mwaka na sheria ikanyamaza. Huyo naye ahesabiwe kwenye jedwali la hasara.

#8

Swali kwa wote: mbona Sweden, Denmark na Norway hawana kima cha chini cha kisheria na maskini wao wana nafuu? Si tufute tu?

#9 – Mleta uzi

#8, hawana sheria kwa sababu wana vyama vya wafanyakazi. Sweden wafanyakazi karibu tisa kati ya kumi wako chini ya mikataba ya pamoja kati ya vyama na waajiri, na viwango vya chini vimo ndani ya mikataba hiyo, kazi kwa kazi. Chama kina watu kwenye maeneo mengi ya kazi. Wao ndio wakaguzi. Ukifuta sheria mahali ambapo mlinzi #4 akiuliza swali anaambiwa "ni utaratibu", hujaileta Sweden. Umemwacha peke yake na msimamizi.

#10

Na wafanyakazi wa majumbani je? Humu mnaongelea saa na slipu. Mimi nimefanya kazi za ndani tangu nikiwa binti. Slipu sijawahi kuiona. Saa yangu ya kuanza ni mtoto akilia, ya kumaliza ni mgeni wa mwisho akiondoka. Chakula na kitanda wananihesabia kama mshahara.

#11 – Mleta uzi

Dada #10, asante kwa kuingia, maana bila wewe uzi huu ungekuwa na tundu kubwa.

Wewe ndiye uliyeachwa nje tangu mwanzo. Ile sheria ya Marekani ya 1938 aliyoitaja #2 iliwatenga wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, na kule Kusini hao walikuwa kwa sehemu kubwa watu weusi. Wa mashambani waliingizwa kwa sehemu mwaka 1966, wa majumbani mwaka 1974. Miaka 36! Wachumi Ellora Derenoncourt na Claire Montialoux wamechunguza upanuzi wa 1966 na kukuta unaeleza zaidi ya asilimia 20 ya kupungua kwa pengo la kipato kati ya weusi na weupe miaka ile. Hapo pengo halikupungua kwa kupandisha namba ya waliokwishamo tu. Lilipungua kwa kuwaingiza waliokuwa nje.

Afrika Kusini nayo ilipoanza kima cha taifa Januari 2019 iliweka randi 20 kwa saa, lakini mashambani 18 na majumbani 15. Mashambani walilinganishwa na wengine mwaka 2021, majumbani mwaka 2022. Inawezekana basi, ikiamuliwa.

Mmeniuliza kwenye ujumbe binafsi nataka nini hasa. Nataka saa ziandikwe na mfanyakazi apate nakala. Nataka sare na vifaa viwe mzigo wa mwajiri. Nataka anayetumia mlinzi wa wakala awajibike pamoja na wakala huyo kwa malipo pungufu. Chakula na kitanda kiwe na kikomo cha kuhesabiwa. Halafu adhabu iwe na meno: Uingereza mwajiri akikamatwa anarudisha malimbikizo kwa kiwango cha sasa kama ni kikubwa kuliko cha wakati ule, na juu yake faini inayoweza kufika asilimia 200 ya deni. Nikiwa kwenye dawati langu la malipo, bosi akiniambia tuwakate wale wasafishaji, hiyo ndiyo hesabu ningependa niweze kumwekea mezani.